AFYA YA FAMILIA: Malaria ya ubongo, na sindano ya nne inayosahauliwa



Kila mwaka baada ya masika wodi ya watoto hujaa wagonjwa wa malaria. Wanaotutia hofu zaidi ni wale ambao ugonjwa umekwisha kuwapanda ubongoni. Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa huo, na juu ya chanjo ambayo watoto wengi wa kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria huianza lakini si wote wanaoimaliza.

MALARIA YA UBONGO NI NINI?

Malaria huletwa na vimelea vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Huingizwa mwilini na mbu jike wa aina ya anofelesi, anayeuma hasa usiku. Vimelea hukaa kwanza katika ini, kisha huingia katika damu. Aina iliyo kali, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, hufanya chembe nyekundu za damu zigande kwenye kuta za mishipa midogo. Jambo hili likitokea katika ubongo, damu haipiti vizuri. Mtoto hushikwa na degedege, hupoteza fahamu, na anaweza kufa upesi. Baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa, kupooza, au shida ya kusema na kujifunza.

Wako wanaodhani degedege ni pepo. Humfukiza mtoto moshi au humtia dawa kinywani hali hajitambui. Ndugu zangu, kufanya hivyo ni kumpotezea mtoto saa ambazo angekuwa amekwisha kupata dawa ya sindano hospitalini.

CHANJO IMETOKA WAPI?

Chanjo ya kwanza ya malaria inaitwa RTS,S. Ilijaribiwa kwa miaka mingi katika nchi kadhaa za Afrika, na hapa Kenya watoto wa Siaya, Kombewa na Kilifi walishiriki. Mwaka 2019 ilianza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya. Kwetu ilizinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Katika nchi hizo tatu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 katika sehemu zilizopata chanjo.

Chanjo huufundisha mwili kuvitambua vimelea mara tu mbu anapoviingiza, kabla havijaingia katika damu.

KWA NINI SINDANO NNE?

Kwa sababu nguvu ya chanjo hupungua kadiri miezi inavyopita. Katika ratiba iliyoanza Kenya mwaka 2019, sindano hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi 9 hukumbukwa, kwa kuwa ndipo mtoto anapochanjwa surua pia. Lakini ile ya nne huja wakati mtoto anatembea, anakula ugali, na mama hana tena safari za kliniki. Pengine mama amepata mtoto mwingine. Hapo ndipo wengi wanaposahau. Ufuate tarehe ambayo muuguzi ameiandika katika kijitabu cha mama na mtoto. Ikiwa imepita, usione haya. Njoo tu, utaelezwa la kufanya.

JE, CHANJO YENYEWE HAIWEZI KUDHURU UBONGO?

Akina baba wengi huniuliza swali hili, na si swali la kipuuzi. Katika majaribio ya awali palionekana wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo na malaria ya ubongo wengi zaidi miongoni mwa waliochanjwa. Kwa sababu hiyo, kuanzia 2019 jambo hilo lilifuatiliwa kwa makini katika nchi zote tatu, na haikuonekana kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Madhara ya kawaida ni maumivu mahali pa sindano na homa. Mara chache homa hiyo huweza kuleta degedege. Ikitokea, mlete mtoto mara moja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Chanjo hupunguza malaria, haiimalizi. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua, kwa hiyo alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

2. Mtoto akiwa na homa, apimwe damu siku hiyohiyo au kesho yake. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

3. Akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, mbali na moto na vitu vya kumwumiza. Usimtie kijiko, maji wala dawa kinywani. Mkimbize hospitali, hata kama degedege limekwisha.

4. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelala mno au asiyeamka vizuri yumo hatarini. Usingoje asubuhi.

Chanjo hii hutolewa bure. Ninaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo: mkimaliza sala, ulizaneni ni nani ana mtoto anayekaribia miaka miwili, mtazame kijitabu chake pamoja. Nanyi akina baba, msiwaachie akina mama peke yao. Nauli ya kliniki na chandarua kisicho na matundu ni wajibu wenu pia.

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wenu.