"Access Denied": Duka Linapokukatalia Kwenye Ukurasa wa Kulipa

Leo tuongee kitu kinachotusumbua wengi hapa Bunia. Unataka kununua kitabu, programu, ao kulipia mtihani wa lugha. Umejaza jina na anwani, unabonyeza kulipa, halafu ukurasa mweupe unakuambia: Access Denied. Na siku ya mwisho ni kesho. Tufanye nini?

Kwanza tujue nani amekataa. Ukiona "carte refusée", hapo ni mambo ya karte na banki. Lakini Access Denied ao namba 403 inatoka kwa mashini ya duka, mara nyingi kwa mlinzi wake, kampuni kama Cloudflare ao Akamai inayochuja wanaoingia. 403 maana yake: ombi lako nimelielewa, ila sikuruhusu. Namba 401 ni nyingine, yenyewe inataka tu ujitambulishe.

Sasa juu ya nini amkatae mtu mwema? Mlinzi haoni uso wako, anaona anwani ya IP. Anwani za IPv4 ni karibu miliari 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi. Kwa hiyo mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu usiyemjua akituma roboti, anwani inachafuka, na wewe uliye Mudzipela unalipa deni lake. Tena wezi wanapenda kujaribia karte zilizoibiwa kwenye ukurasa wa kulipa, ndiyo maana unaweza kutembea dukani vizuri ukafungiwa mlango wa mwisho.

Fuata mpango huu:

1. Usibonyeze mara kumi. Ni roboti ndio wanafanya vile. Angalia kwanza kama feza haijatoka, kisha ngoja kidogo.

2. Zima VPN. Karte ya Kongo inayolipa kupitia anwani ya Paris inafanana na karte ya wizi. Hata ukipita, komande yaweza kufutwa ao akaunti kufungwa.

3. Fungua dirisha la siri kwenye kivinjari. Ikipita, shida ilikuwa vidakuzi vya zamani. Futa vya duka hilo tu.

4. Weka saa ya telefone ijipange yenyewe. Bunia tunatangulia Kinshasa saa moja. Ukiacha majira ya Kinshasa halafu ukasogeza saa kwa mkono, kwa hesabu ya mashini umekosea saa nzima, na ruhusa za muda mfupi zinaweza kukataliwa.

5. Badilisha koneksio. Toka kwenye Wi-Fi uende kwenye mega za simu, ao jaribu siti ya mtandao mwingine. Mwezi uliopita nilimsaidia mdogo wangu kulipia ombi lake la masomo: siti ya kwanza ilikataa asubuhi yote, ya pili ikapita mara moja, karte ni ileile.

Kama yote yamekataa, pengine duka limefungia nchi nzima. Mengine yanafanya vile kwa kuogopa wizi, na hapo hakuna ufundi wa telefone utakaosaidia. Waandikie. Weka saa uliyojaribu, anwani yako ya IP, na ile namba ndefu iliyo chini ya ukurasa, yenye jina Reference ao Ray ID. Kwa namba hiyo fundi wao anaweza kutafuta sheria iliyokuzuia. Bila hiyo, watakujibu tu "jaribu tena". Omba pia njia nyingine ya kulipa.

Jambo moja la mwisho: usimpe mtu namba za karte yako eti akulipie kutoka ng'ambo. Kama una ndugu wa kuaminika Kampala ao Ulaya, alipe kwa karte yake, nawe umrudishie feza. Na malipo yenye siku ya mwisho tuyaanze wiki moja mbele, sababu jibu la barua linaweza kuchukua siku kadhaa.