Pikipiki ya Vijia: Tazama Njia Kabla ya Kutazama Mashine

Mavuno yamekwisha kuuzwa, deni la mbolea limelipwa, na fedha iliyobaki imehesabiwa mara tatu mezani. Mume anataka pikipiki. Mke anauliza maswali mawili tu: je, itafika shambani wakati wa masika, na itadumu miaka mingapi? Katika nchi ya vilima, ambako barabara ya magari huishia sokoni na safari iliyobaki ni ya vijia vya miguu, maswali hayo mawili yana uzito kuliko rangi ya tangi na ukubwa wa injini. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyajibu kuhusu aina moja ya pikipiki inayosifiwa sana kwa vijia, nayo ni ile ya mipigo miwili.

MIPIGO MIWILI NI KITU GANI?

Injini ya pikipiki ya kawaida hufanya kazi kwa mipigo minne. Pistoni huvuta hewa na petroli, huzikandamiza, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi. Hivyo nguvu hupatikana mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Injini ya mipigo miwili hukusanya kazi hizo zote katika mzunguko mmoja. Aghalabu haina vali, na kwa hiyo ni nyepesi, ina viungo vichache, na fundi wa kijijini mwenye spana chache aweza kuifungua na kubadili ringi chini ya mti.

Injini ya namna hii ilikuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini iliyoifungulia mlango wa vijia ni Yamaha DT-1 ya mwaka 1968. Pikipiki hiyo ya cc 246 ilikuwa na taa za barabarani, pamoja na tairi na springi za porini. Wadogo zake, kama vile DT125, na wenzao wa Suzuki wa aina ya TS, waliingia Afrika mikononi mwa mabwana shamba, waganga, walimu na mapadre.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake. Pikipiki ya mipigo miwili hunywa petroli nyingi zaidi na hutoa moshi mwingi. Zaidi ya hayo, pistoni yake hailainishwi na oili iliyotulia chini ya injini, bali na oili inayoingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Oili hiyo ikikosekana hata kwa muda mfupi, pistoni hunata ndani ya silinda, na fedha ya mavuno huishia hapo. Sheria za moshi zimeziondoa pikipiki hizi katika barabara za nchi nyingi, na pikipiki nyingi mpya zinazouzwa leo Afrika Mashariki ni za mipigo minne. Basi anayetaka ya mipigo miwili aghalabu hununua iliyokwisha kutumika, na kwa sababu hiyo yampasa awe na macho makali.

NJIA NDIYO INAYOCHAGUA

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, yafaa mnunuzi aipite kwa miguu njia atakayoitumia. Ahesabu vijito, mawe, matope na miteremko. Iwapo safari nyingi ni za barabara tambarare, au kama nia ni kubeba abiria kwa malipo, pikipiki ya mipigo minne itamfaa zaidi kwa sababu ya petroli yake kidogo. Ya mipigo miwili hustahili pale njia inapokuwa nyembamba, yenye mwinuko mkali, na mashine hubidi kusukumwa au kuinuliwa kwa mikono.

Hata hizo za mipigo miwili si za namna moja. Zipo za mashindano ya uwanjani, ambazo hazina taa wala tangi la oili. Nguvu zake hulala kimya, kisha huamka ghafula injini inapozunguka kwa kasi. Kijana huziona katika picha akazitamani, lakini katika kijia cha mihogo ni adha tupu: ringi na pistoni zake hubadilishwa mara kwa mara, na kiti cha mtu mzima hupita sentimita 95 kutoka ardhini.

Zipo pia za kisasa za mashindano ya milimani, kama KTM 300 EXC. Tangu matoleo ya mwaka 2018, KTM iliziwekea baadhi ya pikipiki zake za jamii hiyo mtambo wa umeme unaopuliza petroli mahali pa kabureta. Ni mashine hodari mno, lakini mtambo huo ukiharibika mbali na mjini, spana za fundi wa sokoni hazitoshi.

Aina ya tatu ndiyo pikipiki ya vijia hasa, kama zile za DT na TS za cc 125. Nguvu yake huanza chini, gia ya kwanza ni ya polepole, na gurudumu la mbele la inchi 21 hupanda mawe bila kukwama. Karibu nayo ipo ya wakulima, Yamaha AG100, iliyoundwa kwa ajili ya mashamba. Cheni yake imefunikwa kabisa dhidi ya matope, ina vichukuzi mbele na nyuma, na ina vigingi vya kuiegesha pande zote mbili. Haina mbio. Lakini kwa anayebeba dawa za mifugo au debe la maziwa, ni vigumu kupata iliyo bora kuliko hiyo.

Tena, cc nyingi si baraka kila mara. Katika mteremko wa utelezi, pikipiki ya cc 250 humwangusha mgeni upesi kuliko ya cc 125. Kwa anayejifunza, cc 100 hadi 125 zinatosha.

MWILI WA MPANDAJI

Mnunuzi aketi juu ya pikipiki akiwa amevaa viatu atakavyopandia. Sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse ardhi. Asiyefikisha miguu atashindwa kujizuia pale gurudumu litakapoteleza, na katika kijia hakuna safari isiyo na kuteleza. Kisha ailaze pikipiki chini polepole na kuiinua peke yake. Pikipiki ya vijia ya cc 125 ina uzito wa takriban kilo 100. Asiyeweza kuiinua uani kwa muuzaji hataweza kuiinua mtoni akiwa peke yake jioni. Iwapo mume na mke wataitumia wote wawili, ajaribu kila mmoja, na urefu wa yule mfupi ndio uwe kipimo.

KUKAGUA ILIYOTUMIKA

Kwanza, mnunuzi aguse silinda. Iwe baridi. Silinda ya moto ni dalili kwamba imewashwa kabla hajafika, na huenda uwashaji wake wa asubuhi ni wa taabu. Apige kiki polepole kwa mguu. Mguu ukutane na ukinzani wa kweli. Kiki inayoshuka kama kisu katika siagi hueleza kwamba ringi zimekwisha.

Pili, autazame moshi. Moshi wa buluu kidogo wakati wa kuwasha ni wa kawaida. Lakini moshi mzito mweupe usiokwisha, huku oili ya gia ikipungua, huonyesha kwamba sili ya kranki upande wa klachi imechoka na injini inanyonya oili hiyo. Sili ya upande wa pili ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada na hunguruma kwa kasi bila kuguswa. Kosa hilo ni la hatari kubwa zaidi, kwani hewa nyingi huleta joto, na joto huifanya pistoni inate.

Tatu, aombe plagi ifunguliwe. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe ni dalili ya joto kupita kiasi. Nyeusi yenye majimaji ni ya oili nyingi au kabureta isiyopimwa. Kisha atazame chujio cha hewa, kwa maana chujio lililochanika hupitisha vumbi linalokula ringi na silinda. Mwisho apapase fremu karibu na shingo ya usukani na vikanyagio kutafuta nyufa, agonge spoku moja moja kusikia iliyolegea, na alinganishe namba za injini na fremu na zile za kadi. Namba zisipolingana, aage kwa heshima na kuondoka.

OILI NA CHUPA YA SODA

Swali lisilopaswa kusahauliwa ni hili: pampu ya oili ipo na inafanya kazi? Mwaka 1964 Yamaha ilileta pampu iliyoitwa Autolube, inayovuta oili kutoka katika tangi lake na kuipima yenyewe. Pikipiki nyingi za vijia zina pampu ya namna hiyo, lakini mafundi wengine huiondoa ikisumbua. Ikiwa imeondolewa, oili ni lazima ichanganywe na petroli kwa mkono, kila mara, bila kukisia.

Hesabu si ngumu. Kwa petroli lita 5, kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili. Cha 40 kwa 1 ni mililita 125. Na cha 25 kwa 1 ni mililita 200. Kitabu cha pikipiki husema kipimo kipi kifuatwe. Chupa ya soda ya mililita 300 ikigawanywa kwa alama katika sehemu tatu sawa, kila sehemu ni mililita 100. Chupa hiyo isirudi tena jikoni, na petroli iwekwe mbali na jiko na mikono ya watoto. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili. Oili ya gari huacha majivu yanayochafua plagi.

HATARI YA MTEREMKO

Wengi huogopa kupanda mlima, kumbe injini hii hufia katika kushuka. Mpandaji akifunga mafuta kabisa katika mteremko mrefu, gurudumu huendelea kuizungusha injini kwa kasi ilhali oili inayoingia ni kidogo mno. Yampasa mara kwa mara akamate klachi na kufungua mafuta kidogo ili pistoni ipate ulainisho. Tena asitegemee injini kumzuia, kwa kuwa ya mipigo miwili huzuia kwa udhaifu. Atumie breki zote mbili kwa upole. Kidole kimoja kikae juu ya klachi daima. Pistoni ikinata, gurudumu la nyuma hufunga ghafula, na klachi inayokamatwa papo hapo ndiyo humwokoa mtu na korongo. Kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya kwenda kisimani.

MAMBO MATANO YA ASUBUHI

Mwaka 1988 Mwingereza Barry Coleman na mpanda pikipiki wa mashindano wa Marekani, Randy Mamola, waliona nchini Somalia vyombo vya huduma ya afya vimelala kwa kukosa matunzo tu. Kutokana na yale waliyoyaona lilizaliwa shirika la Riders for Health, lililowafundisha wahudumu wa afya wa Afrika kukagua mambo matano kila siku kabla ya kuwasha: petroli, oili na grisi, marekebisho ya cheni na nyaya, kukaza nati, na breki. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mtoto mkubwa wa nyumbani aweza kuisaidia.

Kwa hiyo fedha iliyo mezani isitolewe yote kwa muuzaji. Sehemu yake ibaki kwa ajili ya ringi, plagi, chujio na oili ya miezi ya mwanzo. Njia ikichagua aina, mwili ukachagua ukubwa, na macho yakaikagua mashine, swali la kwanza la mke limejibiwa. Lile la pili, la miaka mingapi, hujibiwa kila asubuhi uani, kabla kiki haijapigwa.