Kifaranga Asiye na Mama (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kuku wa Mbale wanavyonyweshwa antibayotiki kabla hawajaugua. Leo tuanze na boksi la vifaranga linaloshushwa kutoka basi la Kampala, limejaa matundu na milio. Mfugaji wa Nkoma akilifikisha bandani, maji ya kwanza anayowawekea huwa tayari yana unga wa antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Anauita kinga.

Kifaranga huyo ametotolewa na mashine, na utumbo wake karibu ni mtupu. Mwenzake wa kienyeji hufuata nyuma ya mama anayepekua jaani, akidonoa punje na kinyesi cha mama humo humo. Sisi tunaona uchafu. Yeye anapokea wapangaji wa tumbo lake.

Umuhimu wa wapangaji hao ulionekana Ulaya: mwaka 1971 bakteria wa salmonela walienea katika mabanda ya kuku wa nyama huko Ufini. Mtafiti Esko Nurmi na mwenzake Rantala wakachukua yaliyomo katika gole na matumbo ya kuku wakubwa, wakawalisha vifaranga, kisha wakawatia salmonela. Wengi hawakuambukizwa. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1973. Bakteria wazuri walikuwa wamewahi nafasi na chakula, na asidi wanayoitoa humkera mgeni. Unga ule wa siku ya kwanza hufanya kinyume: huwafukuza wapangaji, na chumba humwangukia atakayefika kwanza, hasa yule aliyekwisha kuwa sugu.

Tafadhali, msikimbilie kukoroga kinyesi cha kuku wa jirani. Humo mna minyoo, koksidia na hata homa ya matumbo ya kuku. Watu wa maabara hupima kwanza.

Lililo karibu nasi ni kuchachusha chakula. Pumba ikilowekwa siku mbili tatu ndani ya ndoo iliyofunikwa, bakteria wa asidi ya maziwa huongezeka na salmonela hukosa raha. Hapa Mbale hata asiyeonja pombe ya malwa anaijua harufu ya ulezi uliochacha. Pumba iliyochachuka vizuri hunukia uchachu wa namna hiyo. Ukiona ukungu, mwaga. Pilipili na mwarobaini nimeona vikisifiwa sana sokoni kama dawa ya kuku. Mimi sivikatai, ila kipimo cha mwenye kuuza hubadilika kila siku.

Angalieni pia dagaa wa kulishia kuku, maana salmonela huweza kuja nao. Hao mukene wanaoanikwa mchangani ufukweni, Jinja na kwingineko, hukanyagwa na ndege na mbwa, halafu husagwa moja kwa moja kuwa chakula cha kuku. Afadhali walioanikwa kwenye chanja.

Halafu kuna chanjo ya homa ya matumbo ya kuku, ile ya 9R, iliyotengenezwa Uingereza na Williams Smith mwaka 1956. Ni bakteria hai waliodhoofishwa. Mfugaji huchanja Jumatatu, Jumanne anatia antibayotiki majini “kuwapa nguvu”, na kuwaua bakteria wale wale aliowalipia. Kuku wakifa baadaye, lawama humwendea muuza chanjo.