Derema, Msitu Unaounganisha Misitu

Ndege wadogo wanaoishi kwenye kivuli cha chini cha misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, hawapendi kukatiza palipo wazi. Shamba la chai likipita katikati ya makazi yao, wengi hubaki upande waliokuwapo, na mbawa wanazo. Mtafiti William Newmark, aliyewafuatilia kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 1991 kwamba kadiri kipande cha msitu kinavyokuwa kidogo na kujitenga, ndivyo aina za ndege hao zinavyopungua.

Tangu Robert MacArthur na Edward O. Wilson walipochapisha nadharia yao ya visiwa mwaka 1967, wanaikolojia hukitazama kipande cha namna hiyo kama kisiwa. Kikiwa kidogo, hukaliwa na aina chache za viumbe, na zikitoweka ni vigumu nyingine kufika kuziba pengo.

Umbo nalo si jambo dogo. Chukua hekta 100 za msitu. Jua, upepo na magugu ya shambani vikipenya mita 100 kutoka ukingoni, msitu wa mraba wenye kilomita 1 kila upande hubakiwa na hekta 64 zilizotulia katikati. Ukichora eneo hilohilo liwe na urefu wa kilomita 5 na upana wa mita 200, halibakiwi na hata hekta moja. Kwenye ramani ni hekta 100 zilezile. Kwa kiumbe anayehitaji kivuli na unyevu, hapo hapana makazi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000, lakini ukubwa huo peke yake hautoshi. Kiungo chake na misitu ya kaskazini ni Derema, msitu wa takriban hekta 960, ambamo wanavijiji walikuwa wakilima iliki chini ya miti mikubwa. Serikali iliamua kuuhifadhi uwe ushoroba. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Gharama yake, hata hivyo, ilimwangukia mkulima. Zaidi ya wakulima 1,000 walipoteza zao lililowaingizia fedha taslimu, na ulipaji wa fidia ukachukua miaka. Wanaopanga shoroba nyingine waanze na hesabu hiyo: fedha za fidia ziwe tayari kabla bikoni ya kwanza haijasimikwa.