Kengele ya Mwisho Ikilia, Mtoto Yuko Wapi?

Kengele ya mwisho ya shule inalia saa 9 alasiri. Mwalimu anafunga darasa. Watoto wanatoka mbio. Lakini baba na mama wako kazini mpaka saa 12 jioni. Katikati ya saa hizo, mtoto yuko wapi? Yuko na nani? Anafanya nini?

Wazazi wengi wa Marekani hujiuliza maswali haya. Marekani ni nchi tajiri, lakini si kila mtu kule ni tajiri. Wako wafagiaji, wapishi na vibarua ambao mshahara wao hautoshi. Mtoto wa tajiri akitoka shule hupelekwa kwa mwalimu wa muziki, wa kuogelea au wa hesabu. Mzazi wake hulipa. Mtoto wa kibarua hurudi kwenye nyumba tupu, au hubaki mtaani. Takwimu za serikali ya nchi hiyo zimeonyesha jambo la kutisha. Siku za shule, vijana hufanya makosa mengi zaidi ya kutumia nguvu mara tu baada ya masomo kwisha.

RUZUKU NI NINI?

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha Vituo vya Jamii vya Kujifunzia vya Karne ya 21. Vituo vingi viko shuleni humo humo. Hufunguliwa masomo ya kawaida yanapokwisha.

Fedha za vituo hivi ni ruzuku. Ruzuku si mkopo. Anayepewa harudishi. Lakini ruzuku si zawadi ya kutumia upendavyo. Hutolewa kwa kazi iliyotajwa, na ni lazima hesabu yake itolewe.

Mwaka 1998 mpango huu ulitengewa dola milioni 40. Mwaka 2002 ulitengewa dola bilioni 1. Mwaka 2024 ulitengewa karibu dola bilioni 1.3.

FEDHA HUFIKAJE SHULENI?

Kwanza, Bunge huzipitisha. Pili, Wizara ya Elimu huzigawa kwa majimbo. Tatu, shule na vyama vya wananchi huandika maombi kwa jimbo lao. Shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo ndizo hutangulizwa. Ombi hueleza watoto watafundishwa nini, na watarudije nyumbani salama. Maombi hushindanishwa. Ombi likikubaliwa, ruzuku haipungui dola 50,000, na hudumu miaka 3 hadi 5.

Katika kituo, watoto husaidiwa kusoma na hesabu. Hujifunza pia muziki, uchoraji, sayansi na michezo. Mtoto mwenye njaa hajifunzi. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2010 iliruhusu majimbo yote kutoa mlo wa jioni katika vituo vya maeneo maskini, kwa fedha za serikali kuu.

Liko jambo jingine litakalowafurahisha wasomaji wa gazeti hili. Wazazi hawaachwi nje. Sheria inataka familia za watoto nazo zipewe nafasi ya kujifunza, pamoja na kusoma na kuandika.

FEDHA PEKE YAKE HAIFUNDISHI

Mwaka 2003 watafiti walitoa ripoti yao ya kwanza juu ya vituo hivi. Walikuta kwamba maendeleo ya watoto darasani hayakubadilika sana. Wala watoto hawakuonekana kujiona salama zaidi baada ya masomo. Watafiti walikuta pia kwamba watoto wengi walihudhuria siku chache tu. Shamba lililopaliliwa mara moja halitoi mavuno. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aendaye kituoni leo na kukosa siku nne.

Rais wa wakati huo alitaka fedha zipunguzwe mpaka dola milioni 600. Bunge lilikataa.

FEDHA IKIZUILIWA

Mwaka 2025 shida nyingine ilitokea. Fedha zilizokwisha kupitishwa na Bunge zilitakiwa zitoke tarehe 1 Julai. Serikali kuu ilizizuia, ikasema inachunguza matumizi yake. Wakuu wa vituo hawakujua kama wawaajiri walimu au wafunge milango. Wazazi hawakujua watoto watakaa wapi.

Majimbo zaidi ya 20 yalikwenda mahakamani. Maseneta kadhaa wa chama cha Rais mwenyewe nao waliandika barua kuomba fedha zitolewe. Tarehe 18 Julai serikali ilitangaza kwamba fedha za vituo zitaachiwa.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndiyo sababu sheria ya Marekani humtaka mwombaji aseme tangu mwanzo: ruzuku ikiisha, kituo kitaendeleaje? Swali hilo ni gumu kwa shule maskini, lakini halikwepeki. Kama wazazi, walimu na majirani wamekizoea kituo na wanakilinda, wako watu wa kukisemea. Kama kimeachiwa mwalimu mkuu peke yake, siku fedha ikikatika nacho kimekufa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Watoto wa mtaa wenu hufanya nini kati ya saa za shule na jioni?

2. Shule ikipata ruzuku, nani anapaswa kuambiwa kiasi chake na matumizi yake?

3. Ni kazi gani ya kuwasaidia watoto baada ya masomo inaweza kuanza bila fedha kutoka nje?

4. Je, ni haki kuupima mpango wa watoto kwa alama za darasani tu?