Kostiki katika sabuni ya nywele

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuzitunza nywele, na akina mama wengi sasa hujitengenezea sabuni ya mche ya kuoshea nywele kwa mafuta ya nazi. Wengine huogopa wakisikia ndani yake mna kostiki, ile ile ya kuzibulia mabomba.

Ndugu msomaji, bila kostiki hakuna sabuni ya mche. Ikikutana na mafuta, vyote hugeuka sabuni na gliserini, na kostiki huisha, mradi mafuta yasipungue. Kilo 1 ya mafuta ya nazi humaliza kostiki safi gramu 183 hivi; tumia 174, mafuta kidogo yabaki. Pima kwa mzani. Kijiko hakiaminiki.

Hatari iko wakati wa kutengeneza. Tia kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia. Sufuria ya alumini haifai. Huliwa na kutoa gesi inayolipuka. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake siki.

Kosa baya kuliko yote ni kulaza maji ya kostiki katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, koo na umio huungua, na umio waweza kuziba kovu likikaza. Usimtapishe, ataungua mara ya pili. Mkimbize hospitali.

Sabuni ikishakatwa, iache wiki 4 hadi 6 ikauke. Hata hapo huwasha macho, basi ukimwosha mtoto kwa ajili ya Ijumaa, mwinue kidevu.