Gari kuvuja: Tafuta chanzo kabla ya kununua raba

MVUA ya masika, inayonyesha kati ya Machi na Mei, hufichua kasoro ambayo wenye magari wengi hawaitambui wakati wa kiangazi: maji kupenya kandokando ya madirisha.

Dalili zake ni zulia lenye unyevu, uvundo na vioo kufunga ukungu kila asubuhi. Hili si jambo la kupuuzwa. Maji yanayotuama chini ya zulia huleta kutu kwenye sakafu, na katika magari mengi nyaya za umeme hupitia papo hapo, zikiwemo za mifuko ya hewa inayomkinga abiria ajali inapotokea.

Magari mengi nchini huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na sheria huruhusu yenye umri usiozidi miaka 8. Raba zake basi huwa zimeanza kuzeeka, nalo jua huzidi kuzikausha hadi zikanywea na kupasuka.

Hata hivyo, raba si ya kulaumiwa kila mara. Milango ya gari imeundwa kwa kutarajia kwamba maji kiasi yatateremka kando ya kioo na kuingia ndani yake. Ndiyo sababu huwa na vitundu vya kuyatoa upande wa chini, na karatasi ya plastiki nyuma ya kifuniko cha ndani ili yasimfikie abiria. Vitundu vikizibwa na matope, au plastiki hiyo ikichanwa na fundi aliyekuwa akirekebisha kioo, zulia litalowa hata raba ikiwa mpya.

Ili kujua chanzo, mwombe mwenzako aketi ndani akiwa na kurunzi. Mwagia maji polepole kwa mpira, ukianzia chini ya dirisha na kupanda hatua kwa hatua. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yalipopenyea. Kisha funga mlango ukibana kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka bila ukinzani, raba ya mlango haishiki ipasavyo mahali hapo.

Zibua vitundu kwa kijiti. Safisha raba kwa maji ya sabuni, iache ikauke, kisha uipake mafuta ya silikoni. Epuka grisi ya kawaida kwani huivimbisha. Iliyopasuka ibadilishwe nzima.

Kioo cha mbele ni suala tofauti. Katika magari ya kisasa hushikiliwa kwa gundi maalumu na huchangia uimara wa bodi. Kukipaka silikoni ya ujenzi kwa nje huficha tatizo tu, na ile yenye harufu ya siki huchochea kutu. Fundi stadi akitoe, aondoe kutu na kukibandika upya, nalo gari lisiendeshwe hadi gundi ishike kwa muda ulioelezwa na watengenezaji wake.

Hatimaye, toa zulia na sponji iliyo chini yake, uvianike hadi vikauke kabisa. La sivyo, kutu itaendelea kula sakafu ingawa ufa umezibwa.